Uzi: Kuandika CSV kwa PHP, makosa yaliyonitoa jasho na namna ya kuyakwepa

#1 FundiMitambo

Wakuu, habari za wakati huu. Wiki hii nimeletewa kodi (msimbo wa programu) ya PHP niikague, ya kuandika CSV, yaani faili la maandishi ambalo thamani za kila mstari hutenganishwa kwa mkato, nikakuta mistari ileile niliyokuwa nikiandika mimi mwenyewe zamani. Nimeona bora nifungue uzi kuliko kumweleza mtu mmoja mmoja. Kodi yenyewe:

```php
$faili = fopen('wanachama.csv', 'w');
foreach ($wanachama as $m) {
    fwrite($faili, implode(',', $m) . "\n");
}
fclose($faili);
```

Ukiitazama haina ubaya. `implode` inaunganisha thamani kwa mkato, unashuka mstari, kazi imekwisha. Ukiijaribu kwa mistari mitano uliyobuni mwenyewe, inakubali. Yangu ilifanya kazi miezi kadhaa, mpaka siku mtu alipojaza anwani "Ghorofa ya 2, Chumba 14". Ule mkato wa ndani ukahesabiwa kuwa mpaka wa safu. Anwani ikakatika vipande viwili, namba ya simu ikasukumwa kwenye safu ya barua pepe, barua pepe yenyewe ikaangukia nje ya jedwali. Programu iliyosoma faili haikulalamika hata kidogo. CSV ikiharibika haipigi kelele. Tuligundua baada ya ujumbe kutumwa kwenye "namba" ambazo zilikuwa vipande vya anwani.

Na mkato una wenzake. Mtu akiweka alama za nukuu kwenye jina la utani, programu inayosoma inaweza kukosea mipaka ya thamani. Akibonyeza Enter katikati ya kisanduku cha maoni, rekodi moja inageuka mbili.

CSV ina adabu zake, ingawa zilichelewa kuandikwa. Waraka unaotajwa zaidi ni RFC 4180 wa Oktoba 2005, nao ni wa maelezo tu, haumlazimishi mtu. Unasema hivi: thamani yenye mkato, nukuu au mstari mpya ifungwe ndani ya nukuu mbili, nukuu iliyomo ndani ya thamani iandikwe mara mbili, kila rekodi iishie na CRLF (alama mbili za kushuka mstari, `\r\n`). Kuandika hayo kwa mkono unaweza, lakini kwa nini? PHP ina `fputcsv` tangu toleo la 5.1:

```php
$faili = fopen('wanachama.csv', 'w');
if ($faili === false) {
    exit('Faili halifunguki');
}
fputcsv($faili, ['namba', 'jina', 'anwani', 'simu'], ',', '"', '');
foreach ($wanachama as $m) {
    fputcsv($faili, [
        $m['namba'], $m['jina'], $m['anwani'], $m['simu'],
    ], ',', '"', '');
}
fclose($faili);
```

Angalieni mambo mawili hapo. La kwanza, sikumpa `$m` mzimamzima, nimetaja safu mojamoja. `fputcsv` haijali majina ya funguo za orodha, inaandika kwa mpangilio inaoukuta. Rekodi moja ikikosa ufunguo wa "anwani", simu yake itaingia kwenye safu ya anwani na hutaambiwa. Ukitaja kwa jina, PHP itatoa onyo kwamba ufunguo haupo, na nafasi itabaki tupu mahali pake.

La pili ni ile `''` ya mwisho. Watu wengi wanaipita bila kuiona, na ndiyo iliyonifanya nikeshe usiku mzima. Kigezo cha tano cha `fputcsv` ni herufi ya kukwepesha (inayosema nukuu inayoifuata ni sehemu ya maandishi, si mpaka), na chaguo-msingi lake ni mkwaju wa kinyume, `\`. Kitu hicho hakimo kabisa kwenye RFC 4180, ni desturi ya PHP yenyewe. Sasa tuseme thamani yako ni njia ya folda inayoishia na mkwaju:

```
C:\ripoti\
```

Kwa chaguo-msingi PHP inaandika `"C:\ripoti\"`. Lahajedwali (programu kama Excel) itaisoma vizuri. Lakini ukiirudisha kwa `fgetcsv` ya PHP hiyohiyo, nayo ikiwa kwenye chaguo-msingi, inaona `\"` na kudhani nukuu ile ni sehemu ya maandishi. Haifungi thamani. Inaendelea kumeza mkato, safu ya pili, mstari wa chini, mpaka ikutane na nukuu nyingine huko mbele. Yaani PHP imeandika kitu ambacho PHP yenyewe haiwezi kukisoma!

Upande wa pili nao una balaa lake. Thamani ikiwa na `\"` ndani, PHP inaiona nukuu hiyo imekwisha kukwepeshwa na haiiandiki mara mbili. Programu nyingine isiyojua desturi hii inaichukulia kuwa mwisho wa thamani, na mstari unavurugika.

Dawa ni kuweka maandishi matupu, `''`, yanayokubalika tangu PHP 7.4. Fanyeni hivyo wakati wa kuandika na wakati wa kusoma. Kuanzia PHP 8.4, ukiacha kigezo hiki bila kukitaja unapewa taarifa kwamba kutegemea chaguo-msingi kunaelekea kuondolewa. Kwa hiyo anayeona ujumbe huo mpya baada ya kupandisha toleo, asiuzime. Aandike `''` na maisha yaendelee.

Wenye maswali karibuni.

---

#2 Mwanagenzi

Asante mkuu, somo limeingia. Mimi sihifadhi kwenye seva, nataka mtumiaji abonyeze kitufe apakue CSV. Nimefanya kama ulivyoelekeza lakini chini kabisa ya faili nakuta `</body></html>`. Halafu mstari wa kwanza uko wazi. Nimekwama wapi?

---

#3 FundiMitambo

Umekwama pawili. Ile HTML ya chini ni kiolezo cha ukurasa wako kinachoendelea kuchapwa baada ya CSV. Weka `exit` ukimaliza. Mstari mtupu wa juu unatokana na nafasi au mstari ulioachwa nje ya `<?php` kwenye faili mojawapo unalolijumuisha, mara nyingi baada ya `?>` ya mwisho. Futa hiyo `?>`, faili lenye PHP tupu halihitaji kufungwa.

```php
header('Content-Type: text/csv; charset=UTF-8');
header('Content-Disposition: attachment; filename="wanachama.csv"');
$toa = fopen('php://output', 'w');
foreach ($safu as $m) {
    fputcsv($toa, $m, escape: '', eol: "\r\n");
}
fclose($toa);
exit;
```

`php://output` haiandiki diski, inapeleka moja kwa moja kwa kivinjari. Kutaja vigezo kwa majina kunahitaji PHP 8.0, na `eol` ilikuja 8.1. Kabla ya hapo kila mstari unaishia na `\n` peke yake, upende usipende. Tena hiyo `"\r\n"` iwe kwenye nukuu mbili. Ukitumia nukuu moja, PHP itaandika mikwaju na herufi zake kama zilivyo.

---

#4 BiTakwimu

Naomba niseme upande wa sisi tunaopokea hayo mafaili, maana nyie mafundi mkishayatoa mnanawa mikono.

Kwanza herufi. Nafungua faili kwenye Excel, kila jina lenye herufi yenye alama juu, mfano é au ñ, limegeuka vitu kama Ã©. Mtu anaitwa René, kwenye jedwali langu ni RenÃ©. Pili, namba zinazoanza na sifuri zinapoteza sifuri yake. Tatu, namba ndefu za utambulisho zinakuja na E+ katikati, na nikizipanua tarakimu za mwisho zote ni sifuri. Nikilalamika naambiwa "kwenye hifadhidata ziko sawa". Sasa mimi nafanyia kazi hifadhidata au faili?

---

#5 FundiMitambo

Dada una haki ya kukasirika, ila makosa hayo hayana baba mmoja.

La herufi ni letu. Faili ni UTF-8 (usimbaji wa herufi wa kisasa), lakini Excel ukiifungulia CSV kwa kubofya tu, bila alama ya kuitambulisha, mara nyingi inaisoma kwa usimbaji wa zamani wa kompyuta husika. Baiti mbili za é zinasomwa kama herufi mbili tofauti. Alama inayotakiwa ni baiti tatu mwanzoni kabisa, kabla ya vichwa vya safu:

```php
fwrite($toa, "\xEF\xBB\xBF");
```

Nukuu mbili tena. Lakini msiiweke kila mahali kama chumvi. Faili likienda kusomwa na skripti nyingine, `fgetcsv` haiziruki hizo baiti. Zinagandana na kichwa cha safu ya kwanza, kisha unatafuta safu ya "namba" huioni, ingawa kwa macho ipo pale pale. Niliwahi kulinganisha maneno mawili yanayofanana kama pacha kwa muda mrefu sana kabla sijafikiria kupima urefu wake kwa `strlen`. Moja lilizidi baiti tatu.

Sifuri na E+ sasa hapo sina kosa. CSV haina aina za data. Kila kitu ni maandishi, na anayefungua ndiye anayekisia. Excel ikiona tarakimu tupu inasema hii ni namba, na sifuri ya mbele kwenye namba haina kazi, inaitupa. Namba inashikwa kwa tarakimu 15 tu zenye maana, zinazozidi zinakuwa sifuri. Kuifunga thamani kwa nukuu hakusaidii, maana nukuu za CSV zinaonyesha mipaka ya thamani tu, hazisemi "haya ni maandishi".

Usilifungue kwa kubofya. Fungua jedwali tupu, ingiza faili kupitia menyu ya data, na hizo safu uzitangaze kuwa maandishi kabla hujakubali. Ukishalifungua kwa kubofya na kulihifadhi, zile tarakimu zimekwenda, hazirudi.

---

#6 BiTakwimu

Kwa hiyo jibu ni mimi nibadili tabia. Sawa. Ila watu walio nyuma yangu ni wengi, na wote wanabofya.

---

#7 MzeeWaSeva

Bi Takwimu kasema kweli na Fundi asiikwepe. Kama unajua faili linakwenda kwa watu wa lahajedwali na lina namba za utambulisho, usiwape CSV. Wape XLSX (faili la Excel lenyewe) kwa maktaba kama PhpSpreadsheet, ambako unaweza kutangaza kisanduku hiki ni maandishi. CSV ni lugha ya mashine kwa mashine. Binadamu anaivumilia tu. (Ila maktaba hiyo inakula kumbukumbu, si ya kutoa mistari laki tano.)

Kuna jambo jingine la lahajedwali halijaguswa, nalo ni la usalama. Thamani ikianza na `=`, `+`, `-` au `@`, lahajedwali inaweza kuichukulia kuwa fomula. Sasa fikirini fomu ya wazi ya usajili. Mtu anajaza jina lake kama `=HYPERLINK(...)`. Hifadhidata inapokea, haina tatizo nayo. Siku ofisa anapopakua CSV na kuifungua, jina limekuwa kiungo kinachompeleka asikokujua. `fputcsv` haizuii hilo, si kazi yake.

```php
function salama($v) {
    if (is_string($v) && !is_numeric($v)
        && preg_match('/^[=+\-@\t\r]/', $v)) {
        return "'" . $v;
    }
    return $v;
}
```

Halafu `array_map('salama', $m)` kabla ya kuandika. Nimeweka `is_numeric` ili -5 ibaki -5.

---

#8 NuktaMkato

Mzee hapo tutagombana kidogo. Ukiongeza kile kidoti juu, umebadilisha data. Faili hilohilo likiingizwa kwenye mfumo mwingine, jina linaanza na `'` milele.

---

#9 MzeeWaSeva

Hatugombani. Ndiyo maana nilisema ujue faili linakwenda kwa nani. Mimi huweka vitufe viwili, "Pakua kwa lahajedwali" na "Pakua kwa mfumo". Cha kwanza kina zile baiti tatu na hiyo `salama()`. Cha pili hakina kimoja wala kingine.

---

#10 NuktaMkato

Hapo tumeelewana. Niongeze na la jina langu: kuna nchi nyingi za Ulaya ambako mkato ndio alama ya desimali, na huko Excel inategemea safu zitenganishwe kwa nukta mkato. Ukimpelekea mtu wa Ujerumani CSV ya mikato, anaweza kuona kila kitu kimerundikana kwenye safu A. Badilisha kigezo cha tatu kuwa `';'` kwa watu hao.

Wanaotumia PHP ya zamani wajue pia kwamba kabla ya 8.0, ukiwa umeweka `setlocale` ya nchi hizo, namba 3.14 ikigeuzwa maandishi inaandikwa 3,14. `fputcsv` inaifunga kwa nukuu kwa hiyo safu hazisogei, lakini anayesoma anapata neno badala ya namba. Kuanzia 8.0 ni nukta daima.

---

#11 Mwanagenzi

Wakuu nimerudi. Upakuaji umekubali kwa orodha ndogo. Nimejaribu jedwali zima, kama mistari laki sita, nikapata `Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted`. Niongeze memory_limit?

---

#12 MzeeWaSeva

Usiongeze. Leo utaweka 512M, mwakani jedwali limekua utarudi hapahapa. Hiyo namba ni 128M, chaguo-msingi la PHP, na kwa CSV inatosha na kubaki, kwa sababu unahitaji mstari mmoja tu mkononi kwa wakati mmoja. Nabashiri umetumia `fetchAll`, inayovuta mistari yote kwa mpigo. Tumia `fetch` ndani ya lupu, soma mmoja, andika mmoja, usahau.

Kama hifadhidata yako ni MySQL kuna mtego mwingine. PDO (kiunganishi cha PHP na hifadhidata) kwa kawaida inavuta matokeo yote ya kwiri (ombi lako la data) upande wa PHP kabla hata hujasoma mstari wa kwanza. Zima hilo:

```php
$db->setAttribute(PDO::MYSQL_ATTR_USE_BUFFERED_QUERY, false);
$kwiri = $db->query('SELECT namba, jina, anwani, simu FROM wanachama');
while ($m = $kwiri->fetch(PDO::FETCH_NUM)) {
    fputcsv($toa, $m, escape: '', eol: "\r\n");
}
```

Gharama yake ni kwamba huwezi kupiga kwiri nyingine kwenye muunganisho uleule mpaka umalize kusoma hii. Ukihitaji, fungua muunganisho wa pili. Na kama umewasha `ob_start()` mahali fulani, inayoshikilia matokeo kwenye bafa kabla ya kuyatuma, bafa hiyo inakusanya CSV nzima kwenye kumbukumbu na umerudi ulikotoka. Ifunge kwanza kwa `ob_end_clean()`.

Umwambie pia Bi Takwimu kwamba karatasi moja ya Excel inabeba mistari 1,048,576. Mko karibu.

---

#13 Mwanagenzi

Daah, imeshuka yote bila kushtuka. Mzee ubarikiwe. Swali la mwisho kabla sijawachosha: nina fomu ndogo ya maoni haina hifadhidata, kila anayejaza naongeza mstari kwenye CSV. Nafungua kwa `'a'`. Kuna la kuogopa?

---

#14 FundiMitambo

Yapo. Watu wawili wakituma kwa wakati mmoja mistari inaweza kuingiliana, na kichwa cha safu kinaweza kuandikwa mara mbili. Weka kufuli:

```php
$faili = fopen('/njia/nje/ya/wavuti/maoni.csv', 'a');
if ($faili && flock($faili, LOCK_EX)) {
    if (fstat($faili)['size'] === 0) {
        fputcsv($faili, ['tarehe', 'jina', 'maoni'], ',', '"', '');
    }
    $n = fputcsv($faili, [date('Y-m-d H:i:s'), $jina, $maoni], ',', '"', '');
    if ($n === false) {
        error_log('Maoni hayakuandikwa');
    }
    fflush($faili);
    flock($faili, LOCK_UN);
    fclose($faili);
}
```

Kufuli la `flock` ni la makubaliano. Linawazuia wanaoliomba tu, skripti nyingine isiyoliomba itaandika bila kujali. Na usijaribu mbinu hii kwa `'w'`, kwa sababu `'w'` inafuta faili palepale inapofunguliwa, kabla hujapata kufuli.

Umeiona njia ya faili? Nimeiweka nje ya folda la wavuti makusudi. Nimeona `maoni.csv` ikikaa jirani na `index.php`, majina na simu za watu humo, na yeyote anayekisia jina la faili anaipakua yote.

---

#15 NuktaMkato

Kwa faili linaloandikwa upya lote, mfano ripoti ya kila usiku ambayo wengine wanaisoma, mimi situmii kufuli. Naandika kwenye faili la muda ndani ya folda lilelile, nikimaliza naita `rename` kulibandika juu ya la zamani. Msomaji anapata la jana au la leo, hapati nusu. Folda liwe lilelile kwa sababu kuvuka diski kunageuza `rename` kuwa kunakili, na nusu inarudi.

---

#16 Mwanagenzi

Nimeijaribu hiyo ya NuktaMkato kwa `tempnam`. Faili limebadilika vizuri lakini skripti ya mwenzangu inayolisoma sasa inaambiwa haina ruhusa. Jana ilikuwa inasoma.

---

#17 NuktaMkato

Kosa langu, nilisahau kukwambia. `tempnam` huunda faili kwa ruhusa 0600, mwenyewe tu. Weka `chmod($muda, 0640)` kabla ya `rename`, na yeye awe kwenye kundi la faili hilo.

---

#18 Mwanagenzi

Imesoma.